Msimu Nilioitwa During

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza haifanani hata kidogo na harufu ya kahawa iliyo kikombeni. Ni nzito, tamu kwa mbele na chachu kwa nyuma, kama ndizi mbivu zilizosahauliwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka niliokuwa darasa la tano, msimu wote wa mavuno, harufu hiyo iliteremka kutoka Mlima Meru ikifuata mfereji, ikapenya migombani, ikavuka ua wa michongoma wa shule yetu ya bweni karibu na Usa River, ikaingia darasani bila hodi. Watoto waliotoka Arusha mjini waliziba pua. Mimi niliivuta kwa siri, kwa sababu nilijua inakotoka. Huko juu, nyuma ya nyumba yetu, mama yangu alikuwa akizungusha mkono wa mashine ya kumenyea kahawa, mashine ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, huku maji ya mfereji yakisomba maganda kuyapeleka bondeni. Najua nyumba nyingine nyingi zilikuwa zinamenya kahawa siku hizo hizo. Lakini mtoto aliye bweni hahitaji ushahidi mwingi. Harufu ikizidi, nilijiambia mama ana nguvu leo. Ikipungua, nilikosa raha hadi jioni.

Nilikuwa na sababu ya kukosa raha. Tangu likizo ya mwezi wa sita miguu ya mama ilikuwa inavimba, na akipanda kale kamlima ka kutoka mferejini alilazimika kusimama katikati na kushika mgomba mpaka pumzi imrudie. Baba alikuwa anafanya kazi Momela, akija nyumbani mara chache, kwa hiyo aliyemshughulikia mama alikuwa mdogo wake baba, baba mdogo Ndelilio, mtu wa maneno machache mwenye pikapu kuukuu ya kubebea maziwa. Siku naondoka kurudi shule, mama alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akanipaka mafuta usoni kama mtoto mdogo, akasema, "Eli, waganga wa zahanati hapa wanasema huenda nikapelekwa hospitali ya Moshi. Wakisema niende, nitapitia shuleni kwenu. Siendi Moshi bila kukuona. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Jina langu ni Elirehema, yeye aliniita Eli. Nilirudi shule na ahadi hiyo, na muhula mzima nilikuwa nasikiliza barabara.

Shule yetu ilikuwa ya Kiingereza, na wazazi waliipenda kwa hilo. Mtoto akirudi nyumbani akasema sentensi moja ya Kiingereza mbele ya wageni, mama yake alisahau magunia yote ya kahawa yaliyokwenda kwenye ada. Aliyetufundisha Kiingereza hicho ni Sir Godlisten, kijana mrefu, msafi, mwenye miwani na kicheko kizuri. Nataka mnielewe vizuri hapa. Hakuwa mtu wa fimbo. Walimu wa fimbo tuliwajua na tuliwazoea, wakikupiga yamekwisha. Sir Godlisten alikuwa anachekesha. Alikuwa na kibao kidogo alichokikata kutoka kwenye kreti ya soda ya mbao, kimetobolewa tundu mbili na kufungwa kamba ya katani. Ukikosea neno darasani, aliliandika neno hilo kwa chaki kwenye kibao, akakuvika shingoni, na kuanzia hapo neno hilo ndilo jina lako. Mvulana mmoja alisema "fishes" akaitwa Fishes mpaka akawakinai samaki. Mwenye kibao alikula mwisho, akiwa amesimama, na alisugua masufuria ya jikoni. Ungekivaa hadi lini? Hadi mtu mwingine akuite kwa jina lako halisi. Aliyeteleza akalitaja, yeye ndiye anayekirithi kibao, na neno jipya la kuandikiwa.

Fikirieni jambo hilo linavyofanya kazi miongoni mwa watoto. Rafiki yako hawezi kukuita. Mwenzako wa kitanda cha juu akitaka umpishe anakugonga mguu. Na kwa vile kila mtu aliogopa kulitaja jina, Sir alitega mitego. Siku Anethi alipokuwa na kibao, alimtuma mpishi aje uwanjani na kusema kwa haraka, "Niitieni Anethi, kuna mzigo wake," na yule mtoto mwema atakayekimbia akipaza sauti, "Anethi, unaitwa!" ndiye aliyevishwa. Siku nyingine alimtuma mlinzi, siku nyingine mama muuza mboga. Wote walicheka. Tulijifunza haraka: mtu mzima akija akiuliza jina la mwenye kibao, huo ni mtego, mkane.

Mimi nilivikwa kibao kwa kuuliza swali. Sir aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba wakati wa mavuno watoto walichuma kahawa. Ilianza na neno "during". Sasa, wiki iliyotangulia alikuwa ametufundisha kwamba maneno ya Kiingereza yenye mkia wa "ing" ni ya vitendo vinavyoendelea: singing, kuna anayeimba, cooking, kuna anayepika. Nilikuwa mtoto wa Kimeru niliyejifunza Kiswahili shuleni, na katika lugha zangu zote mbili kitenzi hakitembei peke yake. Ukisema "anachuma", ile herufi ya mwanzo tayari imekutajia mchumaji. Ukisema "tulichuma", tumo humo ndani sote. Kwa hiyo niliitazama "during" na mkia wake, nikamtafuta mwenyewe, sikumwona. Nikanyoosha mkono. "Sir, who is during?" Yaani, ni nani anayefanya hicho kitendo?

Darasa lilimsubiri yeye. Sir Godlisten alivua miwani. Alicheka mpaka akashika ubao. "Who is during? Jamani, mmesikia? Who is during!" Ndipo wote wakacheka, hata walioelewa na hata wasioelewa. Akachukua chaki. "You are during, my dear. Njoo." Kibao kilikuwa huru, mwenye nacho alikuwa amechukuliwa na wazazi wake asubuhi hiyo, na kamba ya katani ilikuwa bado na jasho la shingo yake. Loveness, aliyekuwa kiongozi wa bweni letu, msichana wa Kichaga mwenye nywele laini na mdomo mwepesi kuliko wote, aliimba nyuma yangu kwa sauti ndogo, "During, During, masufuria yanakusubiri." Hata mimi nilitabasamu. Ulikuwa wimbo mzuri.

Nivumilieni kidogo nieleze, maana swali lile lilikuwa na jibu, na jibu lake si gumu. Maneno ya namna ile kweli yalianza yakiwa vitendo vyenye watu. Chukua "considering". Mwanzoni msemaji alisema kitu kama hiki: wazee, wakiutafakari umri wa yule mshitakiwa, walimsamehe. Wazee wapo, wanaotafakari ni wao. Halafu watu wakaizoea ile sehemu ya mwanzo, wakaanza kuisema hata pale ambapo hakuna mzee wala kikao: ukitafakari umri wake, anatembea vizuri. Nani anatafakari? Si yeye anayetembea. Si mtu yeyote. Mtendaji ameondoka polepole, kizazi baada ya kizazi, na neno limebaki linafanya kazi nyingine, kazi ya kuunganisha jambo moja na jingine, kama kifungo kilichokatwa kwenye koti na kushonewa kwenye begi. Ndivyo vilivyozaliwa vihusishi vyao vingi, "regarding", "concerning", "following". Na msidhani ni Waingereza peke yao. Redio zetu husema kufuatia mvua, barabara imefungwa. Nani amefuata mvua? Barabara? Tunasema mkutano kuhusu maji, barua kutoka Moshi. Hivyo vyote vilikuwa vitenzi vyenye miguu. Tumevizoea mno, hatuulizi tena vilikuwa vya nani.

Mwalimu angeweza kuyasema haya kwa dakika chache na chaki moja. Lakini nadhani Sir hakulijua jibu, na kicheko kilimwokoa.

Kibao hakikuondoka shingoni mwangu. Karibu kila aliyekivaa kabla yangu alikivua haraka kwa sababu palikuwa na mtoto mmoja mjinga au mwema wa kuteleza. Nilipofika mimi, wote walikuwa wamekwisha kuiva. Aliyekosea darasani alizomewa tu, kibao kikibaki kwangu, kwani sharti lilikuwa moja, jina litajwe. Nilikuwa During kwenye foleni ya uji, During kwenye maombi ya jioni, During kwa wadogo wa darasa la kwanza ambao hawakuwahi kunijua kwa jina lingine na ambao, walipoanguka na kuchubuka magoti, walinikimbilia wakilia, "Dada During!" Mvua za vuli zilipoanza chaki ilifutika, Loveness akaikoleza kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wa kupendeza. Na harufu ya mlimani ilianza kupungua. Nilijiambia ni mvua, inasafisha maganda.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda harusini mjini pamoja na walimu karibu wote, mlinzi amekwenda kula, na nilikuwa nyuma ya jiko nimeinama ndani ya sufuria la ugali, nakwangua ukoko kwa kijiko cha bati. Nikasikia gari getini. Injini ilikuwa ikikohoa na kushikwa, kisha ikikohoa tena, na haikuzimwa. Pikapu ya baba mdogo ilikuwa haizimwi kamwe akiwa safarini, kwa sababu haikuwaka tena bila kusukumwa na watu. Nilisimama na mikono yenye masizi. Mpishi akaniambia, "Wewe During, maliza hilo, maji yanapoa." Nikamwambia nadhani naitwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hakuna aliyekuita." Ni kweli, nilisikiliza kwa nguvu zangu zote na hakuna aliyeniita. Nikainama tena. Baadaye injini ilinguruma, ikabadilisha sauti, ikashuka kuelekea barabara kuu, nikajiambia pikapu mbovu ziko nyingi.

Yaliyotokea getini nilisimuliwa jioni hiyo, bwenini, na Loveness mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye kitanda chake akipakwa mafuta kichwani, wasichana wamemzunguka. Hakunificha kitu. Alisimulia kama ushindi. Alisema, "Leo Sir katuletea mtego wa kiwango cha juu, yaani mtego mpaka na gari!" Alishuka baba mmoja, kavaa mabuti ya mvua, kofia mkononi. "Anaongea hivi: hamjambo wanangu, namwulizia Elirehema wa Josia, wa darasa la tano." Wakaangaliana. Loveness akajibu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili mtego uteguke vizuri, kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Yule baba akauliza tena, polepole, akilitamka jina lote. Wakasema hatumjui. Akauliza kama kuna mwalimu. Wakasema walimu hawapo. "Akakuna kichwa! Akarudi garini kuongea na mgonjwa!"

"Mgonjwa gani?" niliuliza.

"Si walikuwa na mgonjwa wa kuigiza! Mama mmoja kajifunika blanketi jekundu mpaka kidevuni, kakaa mbele. Anahema hivi." Loveness akaigiza, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka, na wasichana wakacheka kwa sababu alikuwa hodari wa kuigiza. Alihema sawasawa. Ningemtambua mama yangu katika kuhema kule popote duniani. "Sir anapenda kutuona wajinga," akamaliza. "Lakini During wetu hauzwi kwa bei rahisi."

Nilitoka nje, nikakimbia hadi getini, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa alama za magurudumu zilizojaa maji na doa la oili mahali gari liliposimama muda mrefu. Mlinzi alinirudisha kwa kunishika mkono. Nilimweleza, akasema, "Basi kesho tutamwambia mkuu." Aliniita During alipokuwa ananiambia hivyo, bila ubaya wowote. Alidhani ndiyo jina langu.

Mama hakurudi kutoka Moshi. Baba mdogo ndiye aliyekuja kunichukua kwa ajili ya mazishi, safari hii akiwa na mchungaji, na ofisi ilikuwa wazi. Njiani alinieleza kidogo kidogo, kwa shida, macho yakiwa barabarani. Alisema alipowasikia wale watoto aliona aibu. Kibao cha getini kimeandikwa Kiingereza, watoto wanajibu Kiingereza, yeye ana matope mpaka magotini. Alidhani labda shule ilinisajili kwa jina asilolijua. Alitaka kusubiri mwalimu yeyote arudi. Ni mama aliyesema twende. "Alisema, acha, Ndelilio. Watakuwa wamewapeleka watoto mahali kusoma. Nitamwona nikirudi." Tulipoanza kupanda mlima akaniuliza, "Kwani wale watoto walikuwa hawakujui?" Ningeanzia wapi kumweleza?

Niliporudi shule, nilisimamishwa mbele ya paredi nipewe pole. Sir Godlisten alikuwa amenivua kibao mwenyewe kabla ya mazishi, ofisini. Siku ya paredi alivaa suti. Aliandaa maneno ya Kiingereza kwenye karatasi, maneno mazuri, ya heshima, na akayasoma vizuri mpaka alipofika mahali paliposema kwamba shule nzima iko pamoja nami wakati huu mgumu. Kwa Kiingereza sentensi hiyo alikuwa ameiandika kwa neno "during". Alilisoma. Alisita. Na kutoka mstari wa nyuma kicheko kidogo kikaponyoka, cha puani, cha mtoto anayejitahidi kujizuia, kikashika wa pembeni yake, kikatembea mstari baada ya mstari, hadi nikaona mabega ya darasa la kwanza yakitikisika, nao hawakujua wanacheka nini. Sir alikunja karatasi. Wiki iliyofuata kibao kilikuwa shingoni mwa mtoto mwingine.

Jibu la swali langu nililipata nikiwa mtu mzima, chuoni, katika kitabu kinene cha historia ya maneno. Wenzake "during" wengi bado wana wazazi. "Considering" akipotea unaweza kumrudisha kwa kitenzi chake, watu bado wanatafakari kila siku. Lakini "during" alitokana na kitenzi cha zamani sana kilichokuwa na maana ya kudumu. Waingereza wa kale walisema vita vikidumu, mvua ikidumu, mavuno yakidumu, na kilichokuwa kinadumu kilikuwepo pale pale, kimetajwa. Baadaye kitenzi hicho kikafa. Hakuna Mwingereza anayekitumia leo. Kimebaki hiki kipande kimoja tu, kimekwama kwenye kazi ya kuunganisha, kinatumwa asubuhi hadi jioni, na hakuna anayekumbuka kwamba kiliwahi kuwa na mama. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Nani anafanya during? Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Engutoto. Nawafundisha maneno haya haya, na kila mwaka yupo mtoto anayenyoosha mkono kuuliza nani amefuata mvua. Namwambia hongera, umeona kitu ambacho watu wazima hawakioni, kaa vizuri nikuonyeshe. Hakuna vibao tena, na watoto wa siku hizi wanaletwa na mabasi ya njano hadi mlangoni. Huko juu kwetu mibuni mingi imeng'olewa, watu wamepanda parachichi, na parachichi halinuki. Napita kijijini msimu wa mavuno natafuta ile harufu tamu na chachu, siipati, na mashine ya mama imepata kutu chini ya mgomba.

Juzi, siku ya wazazi, mama mmoja aliyevaa vizuri alisimama mlangoni mwa darasa langu akanitazama sana. Kisha akapiga kelele za furaha. "During! Siamini! During wetu!" Akanikumbatia kwa nguvu. Loveness amenenepa, anauza nguo mjini, na mdomo wake ni ule ule. Alicheka akikumbuka uji, kengele, miwani ya Sir, mitego. "Hivi unakumbuka yule mzee wa gari na mgonjwa wake? Mimi mpaka leo nikikumbuka nacheka. Tulimshinda Sir siku ile!" Nilimtazama usoni, nikaona hajui. Miaka yote hii hajawahi kuunganisha lile gari na yale mazishi. Nilifungua mdomo. Mtoto wake, msichana wa darasa langu, alikuwa amesimama katikati yetu ameshika mikono ya wote wawili, akinitazama kama wanavyowatazama walimu wanaowapenda.

"Huyu Madam wako tumekua naye," Loveness alimwambia. "Jina lake la ukweli limenitoka kabisa, sisi tulikuwa na letu. Hebu mwamkie vizuri."

"Shikamoo, Madam During," mtoto akasema.

Nikasubiri kidogo, kama ninavyowasubiri wanafunzi wangu, nikimpa mama yake nafasi ya kuuliza jina langu. Hakuuliza.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.